"Kama ndugu" haitoshi



Nawaandikia kutoka Reynoldsburg. Najua nimepotea sana humu, msinilaumu, tunafunga mizigo. Miaka yetu sita ya umisheni hapa pembeni mwa Columbus inaisha, na mwezi ujao tunarudi nyumbani Morogoro. Kila anayepiga simu anampongeza Baba Watoto kwa kazi aliyofanya kwenye usharika wetu wa Waswahili. Asanteni sana. Ila leo nataka kumtaja mtu ambaye hamjawahi kumsikia, maana bila yeye kazi hiyo isingefanyika.

Sisi tunamwita Bibi. Ni Mkongo wa Fizi, aliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, kule Kasulu, kabla ya kuletwa Ohio. Mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala, na mzee kila mara yuko hospitali na wagonjwa au anawatafsiria watu maofisini. Bibi ndiye aliyelala na watoto, akawapikia, akawasindikiza kwenye basi la shule theluji ikidondoka. Nyuma ya nyumba alipanda mchicha na nyanya. Mji huu unajivunia kwamba hapa ndipo Alexander Livingston alipoitoa nyanya yake ya Paragon mwaka 1870, lakini kwa wanangu bingwa wa nyanya ni Bibi.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza nilimpa bahasha nikiwa na hela. Nikikosa, nilimpa mchele au lifti ya kwenda kliniki. Nilijiambia, huyu ni kama mama yangu. Siku moja akaniomba kwa upole nimwandikie barua ya kuonyesha anapata kiasi gani kwa mwezi. Alitaka kupanga nyumba, na mwenye nyumba alidai uthibitisho wa kipato. Nikashika kalamu, nikakosa cha kuandika. Mwaka mzima wa kazi, na sikuwa na tarakimu hata moja! Akasema, "Aksanti mama, acha tu." Nyumba akaikosa.

Tuliona aibu. Tukakaa naye, tukapanga mshahara, saa za kazi na siku ya kupumzika. Deni la mwaka ule tumelimaliza juzi juzi tu.

Jamani, hilo neno "kama ndugu" ndimo tunamojificha. Wala si sisi peke yetu. Hapa Marekani sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani mpaka 1974. Kwetu, agizo la mishahara la 2013 liliweka Sh 40,000 kwa mwezi kwa dada wa kazi anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na la 2022 likapandisha mpaka Sh 60,000. Ni kidogo, na bado wangapi tunazifikisha? Tunasema anakula na kulala bure. Ndugu gani huyo anayekula jikoni peke yake, na Krismasi haendi kwao?

Wapo watakaosema hela ni ngumu. Kweli, ni ngumu. Basi ndiyo sababu tukubaliane kiasi na tarehe, tuandike, tusimwachie mtu kubahatisha maisha yake.

Tulipoagwa Morogoro tulivishwa khanga na kupigwa picha. Dada aliyetulelea watoto alikuwa nyuma anaosha vyombo, na hayumo kwenye picha hata moja. Nimezitafuta zote. Safari hii nimewaomba wazee wa usharika Bibi akae meza kuu. Na barua yake ya mshahara nimeshaiandika, ina miaka mitano ya tarakimu. Hiyo ndiyo zawadi aliyoichagua. Masofa yetu amekataa, na amefanya vizuri, yamechakaa.

Mama, najua utasomewa hii. Yule dada hapo nyumbani, mwezi huu amelipwa? Nikifika nitauliza kabla sijafungua mabegi.

Tutaonana, Mungu akipenda.