Mabwawa Yanayongojea Vifaranga

Na Makame Haji Othman

Tangu Zanzibar ilipounda, mwaka 2020, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, aghalabu kila anayesimama kuzungumza juu ya riziki za watu wa visiwani hutaja mabwawa ya samaki, na azma hiyo ni njema, kwa kuwa miamba ya karibu imechoka kuvuliwa na dau la maskini halifiki bahari kuu. Walakini husikika sana hesabu ya mabwawa yaliyochimbwa, na kwa nadra mno husikika swali ambalo kwa rai yangu ndilo lenye kutangulia: vifaranga watatoka wapi?

Samaki aliyezoeleka katika mabwawa yetu ya maji chumvi ni mwatiko, na waliomchagua hawakukosea. Huvumilia chumvi kali ya kiangazi na maji yaliyopoozwa na masika, tena hula ukoga na vimea vya chini ya bwawa, hata mfugaji hana haja ya kununua dagaa ili amlishe samaki, tijara ambayo mimi sijapata kuiona maana yake. Ila ana tabia moja isiyomridhisha mfugaji, nayo ni kwamba katika mabwawa yetu hatagi. Hutaga baharini, na watoto wake, wembamba kama uzi, wasioonekana ila kwa macho yao mawili meusi, huja na maji ya bamvua mpaka kwenye vijito vya mikokoni.

Huko ndiko hufuatwa. Watu wawili hushika ncha za chandarua, wakakiburura taratibu katika maji ya magotini, kisha wakamimina walichopata katika beseni na kuinama kuchambua kimoja kimoja kwa bakuli. Maana pamoja na mwatiko huingia watoto wa samaki walao wenzao, na mmoja wao akipita kwa taksiri ya mchambuzi, atanenepa bwawani kwa jasho la kikundi kizima. Kazi hii ina elimu ya mwezi na maji isiyoandikwa popote, nami naistahi, lakini haiwezi kuiamrisha bahari: vifaranga wakiadimika, bwawa hubaki nusu tupu na wanachama hutawanyika. Na yule akataye mikoko apate nafasi ya kuchimba huwa amevunja mlango ule ule wanaoingilia.

Wajava walimfuga mwatiko karne nyingi kwa kuingojea bahari vivi hivi, mpaka wataalamu wa Ufilipino na Taiwan walipofaulu, katika miaka ya 1970, kumtagisha kwa mkono wa mwanadamu; na katika miaka ya 1990, huko Gondol, kaskazini ya Bali, maarifa hayo yalitoka katika kituo cha utafiti cha serikali yakaingia nyuani mwa wenyeji, ambao huangua mayai katika matangi madogo kando ya nyumba zao na kuuza vifaranga. Sisi nasi tunacho kituo, Beit el Ras, kilichojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya mwatiko, kaa na majongoo bahari. Hatua ya pili, ile ya kutoka kituoni kuingia uani, ndiyo ninayoidai.

Sababu ya kuidai ni mwani. Ulipoanza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu za Ufilipino, wanawake wa Paje na Jambiani walishika fedha zao wenyewe, na hilo halikuwa jambo dogo; lakini bei ilikaa kwa wanunuzi, na kotonii, aina yenye thamani zaidi, ikawa hufa katika maji mafupi yaliyozidi joto. Dkt. Flower Msuya na wenzake wakatafuta namna ya kuilima penye kina, ambako sharti mtu awe na chombo na ajue kuogelea, na wengi wa wakulima hao hawana hiki wala hawajui kile.

Kwa hiyo fungu lijalo la kuchimbia mabwawa, ningependa nusu yake ivuke mkondo ikajenge matangi ya kulelea vifaranga Micheweni na Wete, kisiwani Pemba, chini ya vikundi vya wanawake wa mwani waliokwisha kufunzwa Beit el Ras, tena wao ndio wapange bei ya kifaranga kabla jembe la kwanza halijapigwa.