Aliye Juu Ana Mtu Chini

Jumapili moja mwezi uliopita, katika kanisa moja la mjini Machakos, mhubiri aliwageukia vijana wanaokwenda kupanda miamba kule Lukenya akawaita watu waliochoka kuishi. Alikuwa ameona kwenye simu video ya Mmarekani aliyening'inia ukutani bila kamba, na hiyo ikamtosha. Hao, alisema, ni walevi wa hatari. Wanamjaribu Mungu, kama Shetani alivyotaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu. Kisha akafunga kwa methali: aliye juu mngoje chini.

Waumini wakacheka. Mwandishi wa safu hii hakucheka, kwa kuwa aliyeketi ubavuni pake alikuwa mpwa wake, muuguzi wa zamu za usiku, na viganja vyake vilikuwa na michubuko ya mwamba wa jana yake.

Maneno ya mhubiri si mapya. Yanasemwa sokoni, ofisini na kwenye meza za chakula: apandaye mwamba anatafuta kifo, au walau anakichokoza apate msisimko. Wanaoyasema hawajawahi kusimama chini ya mwamba wakaona kinachofanyika kabla mguu haujaacha ardhi. Watu wawili hukabiliana. Mmoja anafunga fundo la nane kwenye hanesi, anaufuata mkunjo mmoja mmoja kwa kidole, kisha mwenzake analikagua upya. Yeye naye anamkagua mwenzake: kifaa cha kushikia kamba kimeingia sawasawa? Karabina imefungwa? Wanaulizana kwa sauti na kujibizana kwa sauti. Kamba yenyewe si nene kuliko kidole, nayo imetengenezwa ivutike ili ilimeze anguko badala ya kumkata mtu kiuno. Aliyechoka kuishi hakagui fundo mara mbili.

Siku hiyo hiyo, sahani za pilau zikiwa mezani, mpwa aliulizwa anapenda nini huko. Hakutaja msisimko hata kidogo. Alisema kwamba wiki nzima wodini mikono yake ni ya watu wengine: huyu anataka dawa, yule ageuzwe, mwingine ashikwe mkono hadi usingizi umchukue. "Nikiwa juu ya mwamba," alisema, "najua kuna mtu mmoja chini ambaye kazi yake ni mimi tu."

Hapo ndipo methali ya mhubiri inapomrudia. Kwa kawaida husemwa kwa kijicho: mwache apande, ataanguka, nasi tutakuwepo kumcheka. Kule Lukenya aliye juu anangojwa chini kweli, ila anayemngoja ameikaza kamba kwa mikono miwili na shingo ameiinua mpaka inauma. Haondoki kwenda kununua soda. Hapokei simu. Ni watu wangapi katika kanisa lile wana mtu wa kuwangoja namna hiyo?

Na huyo Mmarekani? Mhubiri hakumtaja jina, pengine hakulijua. Ni Alex Honnold, na tarehe 3 Juni 2017 aliupanda ukuta wa El Capitan huko California, wenye urefu wa mita 900 hivi, bila kamba, kwa muda usiotimia saa nne. Kabla ya hapo aliipanda njia hiyo akiwa na kamba mara nyingi, akiikariri hatua kwa hatua. Mwaka 2016 alianza kuipanda bila kamba, akahisi mambo hayajakaa sawa, akageuka akarudi. Anayetafuta kifo harudi. Tena wapandaji wengi mno hawafanyi kama yeye wala hawataki kufanya. Kuwahukumu wote kwa Honnold ni sawa na kuwahukumu wahubiri wote kwa yule mmoja aliyekimbia na sadaka.

Pale lango la kanisa mzee mmoja aliongeza hoja yake: Mungu angetaka watu wapande majabali, angewapa kwato za mbuzi mawe. Aliyasema hayo akiwa amevaa miwani na kuegemea gari. Hakuumbwa na miwani wala na magurudumu, lakini hilo halikumsumbua.

Mwingine akasema ni mambo ya Wazungu. Aende Rabai au Kaloleni alfajiri awaangalie wagema wakikwea minazi, kibuyu kiunoni, nyayo kwenye vidato vilivyochongwa shinani. Kidato! Neno hilo hilo limepewa madarasa ya sekondari, na kila mzazi wa Kenya na Tanzania hulitamka kwa fahari bila kukumbuka kwamba limetoka kwa mkwezi. Lugha hii ilijua kupanda kabla ya klabu yoyote ya wapanda milima kuzaliwa.

Kama hofu ya mhubiri ni uhai wa vijana, angeanza na barabara. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya. Sheria za Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda katika matatu. Leo mikanda hiyo ina uchafu wa miaka, vifungo vimekatika, na abiria huipitisha mapajani wakimwona polisi tu. Waumini wale wale waliocheka walipanda bodaboda wakaenda nyumbani, watatu watatu, kofia moja ikining'inia kwenye usukani. Mahubiri juu ya hilo hayajasikika.

Wapandaji nao huumia, na wapo wanaokufa. Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian kwenye Mlima Kenya, mita 5,199, jiwe lilipong'oka. Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Oelz alimfunga jeraha, akashuka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kukaa naye. Wanachama wa Klabu ya Milima ya Kenya waliacha kazi zao wakaukwea mwamba wenye barafu. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikuja na helikopta kusaidia, ikaanguka, akafa. Waokoaji wengine wakaruka kutoka Innsbruck. Baada ya zaidi ya wiki nzima Judmaier alifikishwa chini akiwa hai. Mwaka huo huo Ian Howell alimaliza kujenga kibanda kidogo juu ya kilele cha pili cha mlima huo, Nelion, mita 5,188, baada ya kupanda peke yake mara 13 akibeba vipande vyake mgongoni, ili mgeni yeyote atakayekamatwa na usiku huko apate pa kujisitiri. Kibanda kingali pale.

Jumamosi ijayo mpwa na wenzake watakuwa Lukenya tena, kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma mwamba. Amempelekea mhubiri ujumbe wa kumwalika, akamtafutia hanesi ya kimo chake na kofia ngumu, na ameahidi kwamba kamba ataishika yeye mwenyewe. Hadi makala haya yanapelekwa mitamboni, mhubiri hajajibu.