Jibu na Lije Mwisho

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza shairi la beti sita walichambue. Kabla hawajalisoma, mmoja wao aliinua mkono akauliza, “Daktari, mwongozo wake unapatikana wapi?” Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa likisubiri jibu.

Swali hilo lilinikumbusha kazi moja ya gita niipendayo. Mnamo 1963, mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alimwandikia mpiga gita Julian Bream kazi iitwayo Nocturnal after John Dowland. Ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Aldeburgh mwezi wa Juni 1964. Britten aliichota katika wimbo uliochapishwa na Dowland mwaka wa 1597, wimbo wa mtu auitaye usingizi uje kumpumzisha. Ala ya Dowland ilikuwa jamaa ya udi wetu wa taarabu. Hata jina lake la Kiingereza latokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa “udi”.

Aghalabu watunzi huutanguliza wimbo wa msingi, kisha wakaugeuzageuza. Britten aliipindua ada hiyo. Msikilizaji huanza na mageuzi yenyewe: mara utulivu wa mtu awazaye, mara fadhaa, mara mwendo wa askari, mara ndoto. Katika sehemu ya nane, kifungu kifupi cha sauti zinazoshuka hurudiwa tena na tena, huku vurugu ikipanda juu yake hadi ikatulia. Hapo ndipo wimbo wa Dowland hujitokeza, polepole na kwa upole. Kumbe vipande vyote tulivyovisikia vilizaliwa humo!

Shuleni mwetu twafanya kinyume. Mwanafunzi hukaririshwa dhamira, wahusika na tamathali za usemi kabla hajafungua kitabu teule. Anapokifungua, ikiwa atakifungua, hana la kugundua. Kazi yake ni kuhakiki tu kama mwandishi amemtii mwandishi wa mwongozo.

Siwalaumu walimu. Madarasa yamefurika, na mtihani haungoji mtu. Wala sisemi miongozo ichomwe. Nasema ije baada ya kitabu. Mwalimu na aifungie kabatini mpaka wanafunzi wasome, wabishane na kuandika maswali yao wenyewe. Hapo mwongozo utakuwa mwenzao wa kujadiliana naye, wala si bwana wa kuwaamulia.

Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba mwongozo hakuna. Tulilisoma shairi lile mara nne kwa sauti. Katika usomaji wa nne, yeye mwenyewe ndiye aliyetambua kwamba anayesema katika ubeti wa mwisho si yule wa ubeti wa kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi walimu tusiwainamie wanafunzi wetu.