Hekalu Halianzi kwa Mawe

Ukisimama ufukoni Takawiri, Mfangano ikikutazama ng'ambo ya maji, hutasikia kengele ya hekalu la Kihindu. Atakaye kuisikia hana budi avuke mpaka Mbita, kisha ashike njia ya Kisumu.

Wengi wetu hudhani kwamba hekalu huanzia siku mafundi wanapojenga kuta. Sivyo. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walirudi kwao. Wafanya biashara, Wagujarati wengi miongoni mwao, wakafungua maduka Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Aliye Mhindu alitenga kijirafu nyumbani, akaweka picha ya mungu wake na taa. Hilo ndilo hekalu la kwanza.

Hekalu la mjini huendeleza kazi ile ile. Alfajiri mungu huamshwa. Sanamu yake huogeshwa, huvishwa nguo na maua, hupewa chakula kisicho na nyama. Taa za samli huzungushwa mbele yake huku watu wakiimba. Ibada hiyo huitwa arti. Mchana pazia hufungwa apumzike, jioni taa huwashwa tena, na usiku hulazwa. Chakula kilichotolewa hugawiwa waliohudhuria, nacho huitwa prasad.

Basi ibada ya namna hii hudai mikono ya watu kila siku. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanya biashara wasio raia katika miji midogo, na mwaka 1968 maelfu ya Waasia walikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Duka lililoachwa lilipata mwenye duka mwingine. Rafu ya mungu haikupata mrithi.

Wako watakaosema, "Walijitenga wenyewe." Ni kweli kwa kiasi fulani, wala sioni haja ya kuficha. Lakini sisi nasi tulinunua sukari na vitambaa miaka mingi bila kuuliza taa ile ya chumba cha nyuma huwashwa kwa nini. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Tangazo pekee halileti ujirani.

Wasuba wa Mfangano wanajua maana ya mahali patakatifu. Michoro ya miamba ya Mawanga na Kwitone ilidumu kwa sababu wenyeji walipaheshimu. Nashauri wakuu wa mahekalu wawafungulie watoto wa shule milango, na walimu wawapeleke. Wavue viatu, watazame arti, waulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.