Programu Ilijaribiwa na Kufaulu, Mbona Bado Imegoma?

Julai 19, 2024, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziligoma duniani kote. Maelfu ya safari za ndege zikafutwa, baadhi ya hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Chanzo ni sasisho moja tu la kampuni ya usalama wa mtandao, CrowdStrike.

Kinachoshangaza ni kwamba sehemu hiyo ya programu ilishajaribiwa miezi kadhaa kabla, na ikafaulu.

Shida ilikuwa wapi?

Mfumo ulikuwa na nafasi 21 za taarifa, lakini programu ilileta 20 tu. Kwenye majaribio, nafasi ya 21 iliwekwa alama ya kukubali chochote, hivyo pengo halikuonekana. Siku sasisho lilipotaka taarifa halisi pale, kompyuta zikaganda kwenye skrini ya bluu.

Kwa nini wasijaribu kila kitu?

Haiwezekani. Programu yenye swichi 34 za kuwasha na kuzima ina michanganyiko zaidi ya bilioni 17. Ukijaribu mmoja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka 500 na ushee.

Ndipo inapokuja mbinu ya kujaribu kwa michanganyiko. Wapimaji wanahakikisha kila swichi tatu zimekutana kwa kila namna, walau mara moja. Kwa kuwa jaribio moja linabeba mikutano mingi, swichi hizo 34 zinahitaji majaribio 33 tu!

Yanatosha? Utafiti wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka mwaka 2004, ulikuta asilimia 97 ya hitilafu za programu kwenye vifaa tiba zilitokana na kitu kimoja au viwili vikikutana. Hakuna iliyohitaji zaidi ya vitu sita.

Ila kompyuta inapanga michanganyiko tu. Cha kuchanganya kinaorodheshwa na binadamu. Kama hakuna aliyeandika simu ya zamani, laini mbili au mtandao hafifu, hivyo havijaribiwi kabisa.

Kwa hiyo programu ikikugomea wewe huku kwa mwenzako inafanya kazi, huenda mchanganyiko wa simu yako haukuwemo kwenye orodha. Ukiripoti, usiseme tu "haifunguki". Taja aina ya simu, toleo la mfumo, lugha uliyochagua na mtandao unaotumia.