Damu Isiyoganda na Nyoka wa Longech

Msomaji mmoja wa mjini ameniuliza: damu kukataa kuganda husababishwa na nini, na mkweli ni nani, daktari wa hospitali au tabibu wa Kichina? Ili nimjibu, itabidi twende naye hadi Longech, kijiji cha wavuvi kwenye ulimi wa mchanga ufuoni mwa Ziwa Turkana.

Katika nchi ile, mtu akivuja damu kwenye ufizi bila sababu au akikojoa damu, daktari humuuliza kwanza kama ameumwa na nyoka. Mhalifu mara nyingi ni piri mdogo wa mchangani, ambaye watu humdharau kwa udogo wake. Wengi hudhani sumu yake huzuia damu kuganda. La, huigandisha! Huigandisha ovyo, mahali pasipohitajika, hadi ile protini iitwayo faibrinojeni, inayofuma nyuzi za bonge la damu, ikaisha mwilini. Baada ya hapo hata tundu la sindano huvuja bila kukoma.

Matabibu wa Kichina hutaja sababu tatu kuu za damu kutoka ovyo: joto ndani ya damu, udhaifu wa nguvu ya uhai waiitayo chi, ambayo kazi yake ni kuishika damu mishipani, na damu iliyokwama. Sumu ya piri huiita sumu ya moto. Siwacheki. Waling'amua zamani kwamba kukwama na kuvuja vyaweza kuwa maradhi mamoja, na kwa nyoka huyu ndivyo ilivyo. Lakini chi haipimiki, na aliyeumwa hana muda wa kungoja mitishamba ichemke.

Kipimo chetu nacho hakitaki mashine. Weka mililita 2 za damu katika chupa ndogo ya kioo, mpya, safi na kavu (ya plastiki haifai kabisa), uiache dakika 20 bila kuitikisa, kisha uiinamishe mara moja. Damu ikimiminika, mgonjwa anahitaji dawa ya kukata sumu. Tena si dawa yoyote tu. Huko Ghana na Chad, dawa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India ziliwahi kuletwa, na wagonjwa wakafa.

Wembe je? Kumchanja mtu ambaye damu yake haigandi ni kumfungulia mfereji. Aspirini pia asipewe.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017. Mvuvi wa Longech bado ana safari ya kufika Kalokol, na kutoka hapo karibu kilomita 60 hadi Lodwar, huku faibrinojeni yake ikiteketea njiani. Kwa maoni yangu, dawa ifaayo piri wa Afrika iwekwe huko huko ziwani, pamoja na jokofu la kuihifadhi. Zahanati ambayo bado haijapata jokofu haina sababu ya kukosa chupa ya kioo.