Ati Samaki wa Ziwani Ndiye Bora?

Wasomaji wetu wakaao kandokando ya Tanganyika wamekwisha kuwaona wale vijana wazamao miambani na nyavu ndogo, wala hawatafuti kitoweo. Samaki wawavuao hawapiti urefu wa kiganja, na sokoni hawaendi. Hutiwa katika mapipa, kisha katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na hewa ya oksijeni, wakapelekwa kwa ndege hata Ulaya, Marekani na Asia, wawe mapambo ndani ya masanduku ya kioo nyumbani mwa watu. Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwapeleka samaki hao kutoka Burundi, na biashara hiyo imefika pia Kigoma na upande wa Zambia. Hatumlaumu mtu kwa kupenda kutazama samaki. Sisi wenyewe twapenda. Tunalolipinga ni neno lisemwalo na wanunuzi wengi wa huko ng'ambo, na kukaririwa na wachuuzi wa huku, kwamba samaki aliyevuliwa ziwani ndiye samaki halisi, na yule aliyezaliwa tangini ni kivuli chake tu. Kwa hiyo yampasa mtu kulipa zaidi ili ampate wa ziwani.

Twasema neno hilo si kweli. Tena lina hasara, na hasara yake haiwaangukii wao walisemao.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Ukoo wake wataalamu huuita sikilidi, na msomaji asidhani ni ukoo wa mbali: sato na perege ni wa ukoo huo, kadhalika kuhe wa Tanganyika na furu wa ziwa Victoria. Tanganyika ina aina zipatazo 240 za ukoo huu, na karibu zote hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Katika hao yuko mmoja apendwaye mno na wanunuzi, aitwaye Tropheus. Huyu ni samaki wa miambani, mla ukungu wa kijani uotao juu ya mawe. Hapendi mchanga, wala hathubutu kuvuka maji ya kina kirefu. Basi ikiwa kati ya mwamba na mwamba pana ghuba ya mchanga, wa huku hawaonani na wa kule, miaka maelfu na maelfu. Na kwa sababu hiyo wamegawanyika rangi, hata leo zimehesabiwa zaidi ya mia. Wa pwani hii ana mshipi mwekundu, wa pwani ile wa manjano, wa tatu ni mweusi mtupu. Yuko mmoja wa aina ya duboisi, wa mahali paitwapo Maswa, kusini ya Kigoma: watoto wake ni weusi wenye madoa meupe kama nyota za usiku, na akiwa mkubwa kichwa huwa buluu na kiunoni huwa na mshipi mpana wa manjano. Jina la Maswa lajulikana na wafuga samaki wa Ujerumani kuliko na wengi wa watu wa Dar es Salaam.

Sasa tazameni azaavyo. Mama huokota mayai yake kinywani, akayaatamia humo yapata mwezi mzima, na mayai yenyewe kwa kawaida hayafiki ishirini. Dagaa huzaa kwa maelfu katika maji ya wazi na hukomaa kabla ya mwaka kwisha. Ukivua dagaa leo, wengine wanakuja. Huyu wa miambani ni kama mwanamke mwenye watoto wachache anaowalea kwa taabu. Wazamiaji wachache wakirudi mwamba ule ule siku baada ya siku, waweza kuwapunguza sana. Na wakiisha wa rangi hiyo, hakuna jirani wa kuja kujaza nafasi, maana jirani ni wa rangi nyingine, naye havuki mchanga.

Wachuuzi hutujibu: “Ziwa ni kubwa, samaki hawaishi.” Ni kweli ziwa ni kubwa, urefu wake ni kama kilomita 670, na kina chake chafika mita 1,470. Lakini ukubwa huo wamfaa nini Tropheus? Maji ya vilindini hayana hewa ya kuvuta samaki ye yote, na ukungu wa mawe hauoti pasipo jua. Kwake yeye ziwa zima ni utepe mwembamba wa mawe ukingoni, tena uliokatwa vipande vipande. Mwenye kumwambia mtu wa kisiwani kwamba bahari ni kubwa, hajamwongezea shamba.

Kama wasomaji wataka mfano, tuwaonyeshe katika Nyasa. Karibu na kisiwa cha Chizumulu kuna mwamba wa chini ya maji uitwao Taiwan, na hapo tu ndipo aishipo samaki mmoja mdogo, saulosi: madume ya buluu yenye mistari myeusi, majike ya manjano. Chama cha dunia cha kuhifadhi viumbe, IUCN, kimemwandika katika safu ya wale walio ukingoni kabisa mwa kupotea, na sababu iliyotajwa ni kuvuliwa kwa ajili ya matangi. Ajabu yake ni kwamba samaki huyu huyu huzaa tangini bila taabu, na wajukuu wa wajukuu wake wamejaa majumbani Ulaya na Marekani. Basi aliyeendelea kumwagiza kutoka mwambani alitafuta nini ambacho hakukipata kwa jirani yake? Alitafuta kusema tu, “Wangu ni wa ziwani.”

Husemwa tena kwamba wa ziwani ana rangi kali na afya njema. Rangi twaikubali kwa sehemu, kwa kuwa samaki aliyelishwa ovyo hupauka. Lakini hilo ni kosa la mlishaji. Kuhusu afya, mambo ni kinyume. Aliyezaliwa tangini amezoea kioo, amezoea chakula kikavu, wala hakupigwa na hofu ya wavu. Wa ziwani hufika amekonda, aghalabu ana wadudu tumboni, na Tropheus hasa, akipewa chakula kisichomfaa baada ya misukosuko ya safari, huvimba tumbo akafa. Na wale wa maji ya kina, kama frontosa mwenye nundu kipajini, yawapasa kupandishwa polepole, hatua kwa hatua, ili kibofu chao cha hewa kisifure. Mvuvi mwenye haraka humpandisha mara moja, akamtoboa kwa sindano ili kuitoa hewa. Huyo ndiye anayeitwa samaki bora!

Walakini wako wapinzani wenye hoja nzito, nao hatutawaruka. Husema kwamba wafugaji wa ng'ambo wameharibu mbegu. Hapo wana haki. Wafugaji wengine wamechanganya aina na aina ili kupata rangi za kustaajabisha, hata wakatokea samaki wa madoadoa wasio na ziwa wala mwamba wa kurudi. Wengine huwapa watoto dawa za kuwaharakisha rangi, wauzike kabla ya wakati wao. Wengine huzalisha ndugu kwa ndugu miaka nenda miaka rudi, wasilete damu mpya. Hayo yote ni mabaya, na mnunuzi hudanganywa. Lakini msidhani kwamba uvuvi wa ziwani umeepukana na uchafu huo. Katika miaka ya 1960 watu wa biashara hii hii walichukua samaki wa sehemu nyingine za Nyasa wakawamwaga penye kisiwa cha Thumbi Magharibi, karibu na Cape Maclear, ili wasiende mbali kuwavua; na wageni wale wakazaana na wenyeji. Mchanganyiko wa tangini waweza kuumwaga ukaisha. Ule wa ziwani nani atauchambua? Tangi linalofugwa kwa uaminifu, lenye samaki wa mahali pamoja tu na jina la mahali limeandikwa, lina damu safi kuliko mwamba ulioharibiwa.

Tena tangi limewahi kuokoa. Sangara alitiwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na alipozidi miaka ya 1980 wataalamu walikadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu zimetoweka au zi karibu kutoweka. Aina chache kati ya zile zisizoonekana tena ziwani ziliendelea kuzaa katika matangi ya bustani za wanyama na ya watu wa kawaida. Nani aliyewaita hao kivuli?

Imebaki hoja ya tumbo, nayo ndiyo ituumizayo, maana wasemao ni watu wetu: “Mkituzuia kuvua, watoto wetu watakula nini?” Hatusemi wazuiwe na kuachwa mikono mitupu. Twawauliza tu, biashara hii imewapa nini? Kijana huhatarisha maisha akivuta hewa kwa mpira kutoka mashine iliyo mashuani, akalipwa kidogo. Samaki akifika Ulaya, bei yake haifanani hata kidogo na ile ya ufukweni. Na mnunuzi mwerevu hanunui kila mwaka. Hununua kundi moja, akalizalisha, akauza watoto kwa miaka mingi, asituletee hata senti. Kwa hiyo kila kundi la madume na majike liondokalo Kigoma ni shamba lililouzwa pamoja na mbegu yake. Leo wako watu katika nchi ya Ucheki, penye theluji, wanaopasha maji moto wakayatia chumvi yafanane na maji yetu, wakazalisha samaki wa Tanganyika na kuwauza duniani. Nasi maji yenyewe yako mlangoni, jua ni bure, ukungu wa mawe waota wenyewe. Mbona twauza wazazi badala ya kuuza watoto?

Hatusemi ni kazi nyepesi. Yataka matangi ya saruji, hewa ya kupulizwa usiku na mchana, vibali, na uangalifu wa kuandika kila kundi limetoka wapi. Nauli ya ndege ni ghali. Umeme ukikatika usiku, asubuhi waweza kukuta wafu. Lakini wazamiaji wale wale wawajuao samaki kuliko mtaalamu ye yote wangekuwa wafugaji hodari, na kundi la wazazi ishirini au thelathini, lililovuliwa mara moja kwa ruhusa na kwa upole, lingetosha kwa miaka.

Kuna wengine hutuambia kwamba udongo uporomokao kutoka milima iliyokatwa miti wazidi kuwadhuru samaki kuliko nyavu. Yawezekana sana, udongo ule hufunika mawe na ukungu wake, na hilo tutaliandikia siku nyingine. Lakini mtu mwenye donda mguuni haachi kutibiwa jicho. Hata hifadhi ya Mahale, ambayo mpaka wake waingia ziwani kilomita 1.6 na ambamo uvuvi umekatazwa, ni kipande tu cha pwani ndefu.

Wachuuzi wakiwa na jibu, kurasa hizi zi wazi kwao. Ila kabla ya kutuandikia juu ya ubora wa samaki wa ziwani, na watueleze wamebaki wangapi katika mwamba waliouvua mwaka jana, na ni nani aliyezama kuwahesabu.